Sura ya Tano: Mkono wa Mita Sitini na Mbili

Fundi Ouyang Decheng aliomba wino mwekundu kabla hajaulizwa swali hata moja.

"Nipeni nibandike dole, Afande, tumalize. Mkono ulikuwa kwangu. Aliyepigwa ni rafiki yangu. Mnataka nini zaidi?"

Inspekta Yi Suqin alikivuta kikopo cha wino kikaja upande wake wa meza, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Mkuu wa kituo alikuwa amempa muda hadi saa kumi na moja jioni: ama maelezo yenye alama ya dole gumba la mtuhumiwa yafike kwa mwendesha mashtaka, ama aende yeye mwenyewe kueleza kwa nini hayakufika. Dole hilo likigusa karatasi iliyokuwa mezani, mzee huyo wa miaka hamsini na minane angekwenda jela kwa uzembe, na leseni aliyoishika miaka thelathini ingekatwa mbele ya macho yake.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Jana yake, ng'ambo ya Mto Xiang, katika jengo la ghorofa lililokuwa likipanda, Ouyang alikuwa akiendesha pampu ya zege ya kubebwa na lori, yenye mkono wa chuma wa mita sitini na mbili unaokunjuka vipande sita. Kwenye ncha ya mkono huo huning'inia mpira mnene, na mpira huo hushikwa na mtu anayeuelekeza zege linapotoka. Saa saba na dakika hamsini na mbili mchana mkono uliruka, mpira ukamkumba mshikaji, Xiang Mancang, ukamtupa juu ya nondo. Tangu hapo Mancang alikuwa amelala hospitalini, hajafumbua macho.

"Kile kituliza mtikiso kilichofungwa na kiwanda," alisema Inspekta, "ulikizima?"

"Nilikizima. Nakizima kila siku saa moja asubuhi. Pale jengoni hata paka anajua."

"Kanuni ya jengo inasema kiwashwe."

"Kanuni imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika mkono wa mita sitini na mbili."

"Nami sijawahi. Nieleze."

Mzee aliinua kichwa. Alikuwa hajalala, na shati lake lilikuwa bado na matone makavu ya zege. Lakini kitu alichokitazama Inspekta kilikuwa dole gumba la mkono wa kulia. Halikutulia. Lilibonyeza meza, likangoja, likabonyeza tena kidogo, likangoja.

"Mkono ule haukai kimya, Afande. Pampu ikisukuma, unaruka. Ukiusimamisha, shina linasimama lakini ncha inaendelea. Inakwenda, inarudi, inakwenda. Mtu wa chini anayumbishwa kama nguo kwenye kamba. Sasa mimi nangoja. Ncha ikifika mwisho wa safari yake, pale inapotaka kugeuka, nabonyeza kidogo, nalipeleka shina huko huko ncha iliko. Ncha inajikuta imeshafika nyumbani. Haina pa kurudi. Inatulia. Sisi tunaita kuupokea mkono."

"Na huhitaji kituliza."

"Nimeupokea mkono kabla mtoto aliyekitengeneza hajaota meno."

"Jana asubuhi uliupokea?"

"Toka saa moja mpaka saa sita. Ulikuwa mpole kabisa."

"Na mchana?"

Dole lilisimama. "Mchana niliupokea, ukakataa. Nikaupokea tena, ukazidi. Mancang akaangalia juu akanicheka. Akapiga kelele, 'Ouyang, leo umekula pilipili ya nani?' Mimi nikaupokea mara ya tatu." Alinyoosha mkono kuelekea kwenye wino. "Lete, Afande."

Inspekta alikifunika kikopo, akakitia mfukoni mwa koti lake, akatoka.

Sajini Deng Huaiyuan alikuwa akimngoja ukumbini, shavu limevimba kwa popoo aliyokuwa akiitafuna. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hakupenda kazi iliyokwisha ianzishwe upya.

"Mwenyewe anakiri, Afande. Toka lini tunamzuia mtu kukiri?"

"Anakiri kitu asichokielewa. Washa gari."

*

Pale jengoni joto la mwezi wa saba lilikuwa limekwisha kuzishika nondo. Hakuna aliyezigusa bila glavu. Lori la pampu lilikuwa palepale lilipokuwa jana, mkono wake umekunjwa na mafundi wa zamu chini ya macho ya polisi, na kabati lake la umeme limebandikwa lakiri ya karatasi yenye mhuri wa kituo. Mbele ya kabati hilo alisimama kijana mmoja mwenye kofia ngumu nyeupe isiyo na mkwaruzo. Huyo alikuwa Kuang Zhiheng, mtaalamu aliyeletwa na kiwanda ili kukisimamia kituliza katika mwezi wake wa kwanza wa kazi.

"Afande Yi, mashine itaachiliwa lini?" aliuliza kabla ya salamu. "Nahitaji kulifungua kabati. Ni ukaguzi wa kawaida tu. Dakika kumi."

"Baadaye. Nionyeshe kumbukumbu."

Kuang alizitoa karatasi ndefu zilizochapwa usiku uliopita. Juu ya kila karatasi palikuwa na mstari mnyoofu ulioandikwa ZIMA. Chini yake palikuwa na mstari mwingine wa mawimbi ulioonyesha jinsi ncha ya mkono ilivyoyumba.

"Mwenyewe unaona. Kimezimwa toka saa moja asubuhi, hakikuwashwa tena. Nilimwomba mara nne akiwashe. Mara ya mwisho aliniambia mbele ya watu wote nikakifunge kwenye baiskeli ya mama yangu."

Sajini Deng aligeuka upande, akajikohoza ili asicheke.

"Na kingewashwa," alisema Inspekta, "kingefanya nini hasa?"

Uso wa Kuang ulichangamka. "Kina vihisio kwenye ncha. Kinangoja ncha ifike mwisho wa mtikiso. Papo hapo kinapeleka mafuta kidogo kwenye silinda, shina linaifuata ncha iliko, na mtikiso unakosa nguvu. Hakuna binadamu anayeweza kukadiria hivyo."

Inspekta aliyaandika maneno hayo katika daftari, neno kwa neno. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma, akayasoma yale aliyoyasema Ouyang saa tatu na nusu, akalifunga daftari.

"Labda ni zege," Deng alinong'ona walipokuwa wakielekea kwenye kibanda cha karani wa jengo. "Zege zito huusukuma mkono vibaya. Mchana wangeweza kuleta jingine."

Lilikuwa wazo la maana, na Inspekta alilipa saa nzima. Alizipitia stakabadhi za magari kumi na saba yaliyoleta zege siku ile. Alimwita mpimaji, akaonyeshwa vipimo vya ulaini vya asubuhi na vya mchana. Vilikuwa sawa. Akauliza kuhusu mwendo wa pampu: haukubadilishwa. Akaagiza mpira uliomkumba Mancang ufunguliwe kwenye ncha na kupasuliwa, labda ndani yake palikuwa na bonge lililoziba. Ulikuwa mtupu kabisa, hata kokoto haikukwama. Simu yake ililia mara mbili mfukoni, kando ya kikopo cha wino, naye akaiacha ilie.

Ndipo alipozitandaza zile karatasi sakafuni mwa kibanda, akapiga magoti akiwa na rula ya karani.

"Sajini, njoo uhesabu pamoja nami. Hapa ni asubuhi, saa nne na robo. Mkono umesimama. Wimbi la kwanza lina urefu gani?"

"Sentimita tatu."

"La pili?"

"Nusu sentimita. Halafu hakuna."

"Hapo aliupokea. Kituliza kimezimwa, dole la mzee linafanya kazi. Angalia saa tano. Angalia saa sita kasoro. Kila mahali ni hivyo hivyo. Sasa njoo huku, saa saba na dakika hamsini na moja, mkono uliposimama mara ya kwanza mchana. La kwanza?"

"Tatu." Deng alipunguza kutafuna. "La pili tatu na nusu. La tatu tano. La nne limetoka nje ya karatasi."

"Mtu yule yule, zege lile lile, swichi ipo palepale. Kama kukizima ndiko kulikomwangusha Mancang, mbona asubuhi hakuanguka mara mia mbili?"

"Mzee alichoka. Dole likakosea wakati."

"Dole linalokosea wakati hukosea huku na huku. Hili halikukosea, kila wimbi limegeuka pale pale linapopaswa kugeuka. Limesukumwa kwa wakati wake, ila limesukumwa kupita kiasi. Karibu mara mbili." Alisimama, akayakung'uta magoti yake. "Kati ya saa sita na saa saba na nusu watu wa hapa walikuwa wapi?"

Deng alimtazama kana kwamba ameuliza jua lilikuwa wapi. "Walikuwa wamelala, Afande. Ni mchana. Nani asiyelala?"

*

Mmoja hakulala. Huyo alikuwa Mama Peng, mpishi wa jengo, kwa kuwa masufuria ya watu themanini hayajioshi. Walimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya vitunguu saumu na kuvitupa katika beseni kwa hasira.

"Mmekuja kuuliza nani alikula nini?" alisema. "Wote walikula. Wakalala. Ouyang alilala pale chini ya turubai, rimoti ya mashine yake kaifanya mto kama kawaida yake. Mke wake angefanywa mto hivyo, angekuwa ameshaondoka."

"Rimoti haikuguswa?"

"Nani aiguse? Ukiisogelea anakuuma. Miaka sita nampikia, sijaona mtu mwingine kaishika."

"Wote walilala, Shangazi?" aliuliza Deng. "Hata yule wa kofia nyeupe?"

"Nani, mtoto wa kiwandani? Yule ana deni langu la kisu."

Inspekta alichuchumaa karibu na beseni. "Kisu gani?"

"Hiki hapa! Alikuja watu wanakoroma, anatembea kwa ncha za vidole kama ana jipu. 'Mama Peng, niazime kisu kidogo.' Nikampa, nikadhani ana tikiti maji. Kanirudishia baada ya robo saa, kina ulimbo mweusi mpaka kwenye mpini. Nimekisugua kwa majivu, nimekisugua kwa siki, bado vitunguu vinanata. Watu wamekula mboga ina ladha ya raba, wananilaumu mimi!"

Alikigeuza kisu. Katika mkunjo wa mpini palikuwa na kipande chembamba cha utepe mweusi, ule wa kuzungushia nyaya za umeme. Inspekta alikiomba, akakitia katika bahasha.

"Na mimi vitunguu nimenye kwa meno?" alifoka Mama Peng.

Deng alitoa kisu chake cha mfukoni, akampa kwa heshima, mpini mbele.

Nje, Inspekta alisimama kivulini kwa muda mfupi tu. Kabati lilikuwa na funguo mbili. Moja ilikuwa kwa mkuu wa jengo, ambaye jana mchana alikuwa mjini akiwapokea wageni, na nyingine ilikuwa shingoni mwa Kuang. Lakini kisu chenye utepe hakikuonyesha kilichokatwa, na akilifungua kabati sasa, Kuang angesema kwamba nyaya zilikuwa hivyo tangu zamani, au kwamba ni kazi ya Ouyang. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

"Mlete mzee," alimwambia Deng. "Na jaza pampu maji. Maji matupu."

*

Saa tisa na nusu mkono ulikuwa umekunjuliwa juu ya sakafu tupu ya zege, na mpira mwingine umening'inia kutoka kwenye ncha. Ouyang alisimama katikati ya polisi wawili, rimoti kifuani. Aliishika bila kuitazama. Inspekta alimwita Kuang kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia.

"Fundi Ouyang, weka swichi kwenye WASHA."

Mzee alimtazama, kisha akaisukuma. Taa ya kijani ikawaka kwenye rimoti.

"Sasa utausogeza mkono, utausimamisha ghafla, na pampu itasukuma. Hutaupokea. Mikono yako utaiweka nyuma."

"Na mpira anashika nani?"

"Bwana Kuang."

Ouyang alitikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana, Afande. Simpendi mtoto huyu, lakini siwezi kumweka mtu chini kisha nisiupokee. Dole langu litakataa."

"Kituliza kimewashwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna mahali salama zaidi." Akamgeukia Kuang. "Simama pale aliposimama Xiang Mancang. Shika mpira."

Kuang alicheka kidogo. Akapiga hatua mbili kuelekea kwenye mpira, akasimama. Akautazama mkono wote, kutoka shina hadi ncha.

"Ni sawa," alisema. "Ila nifungue kwanza kabati. Nipange kitu kidogo."

"Kipi?"

"Kitu cha kiufundi. Huwezi kufanya jaribio bila ukaguzi."

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Swichi ipo kwenye WASHA?"

"Ipo."

"Basi shika mpira. Ni maji tu."

Hakusogea. Jasho lilimshuka kutoka chini ya ile kofia nyeupe hadi shingoni, ulipokuwa ufunguo. Vibarua waliokuwa wamekaa juu ya matofali wakaacha kuongea. Kutoka jikoni Mama Peng alipaza sauti: "Ushike basi, wewe! Jana ulimwambia kila mtu kinabembeleza kama mama!"

Inspekta aliitazama saa yake. Akamwashiria Deng aliyekuwa kwenye pampu. Injini ikanguruma.

"Hakijawaka!" Kuang alipiga kelele, akarudi nyuma. "Zimeni! Taa inawaka lakini chenyewe kimezimika. Nyaya zimepishana!"

Deng akazima.

"Kabati lina lakiri tangu jana saa tisa," alisema Inspekta. "Hujalifungua. Umejuaje?"

Kuang aliivua kofia yake, akaishika mbele ya tumbo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wanunuzi wa kituliza walikuwa wanakuja saa nane. Kiwanda kizima kinaingoja ripoti yangu. Yeye angekizima kama kawaida, na wangeona mzee na dole lake. Nikapishanisha nyaya mbili zinazokwenda kwenye kituliza, basi. Ili akikizima, kiwe kimewaka. Kisingemdhuru mtu, Afande! Kwenye majaribio kilituliza kila mtikiso."

"Kwenye majaribio nani alikuwa kwenye rimoti?"

"Mimi."

"Nawe huupokei mkono."

"Sijui kuupokea," alisema Kuang.

"Lisogeze shina mara moja, linaifikia ncha, mtikiso unakwisha. Ndivyo mlivyonieleza ninyi wawili leo, karibu kwa maneno yale yale. Lisogeze mara mbili, linaipita ncha, na mtikiso unazaliwa upya upande wa pili. Madaktari wawili wamempa mgonjwa mmoja dozi ile ile, kila mmoja akidhani yupo peke yake. Yule mmoja alijua anafanya nini. Mwingine alikuwa amefichwa." Alinyoosha mkono, akaupokea ufunguo. "Baada ya kuanguka Mancang uliyaelewa haya?"

"Usiku. Nilipozichapa karatasi."

"Na asubuhi ukaniletea niusome mstari wa ZIMA."

Deng alimshika Kuang mkono kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, akampeleka kwenye gari.

*

Saa kumi na dakika arobaini Inspekta Yi aliiweka karatasi mpya mezani mbele ya Ouyang. Ile ya zamani alikwisha kuichana mbele ya Mkuu wa kituo, akiwa amesimama, na Mkuu hakumwambia aketi.

Mzee aliisoma polepole, akifuata mistari kwa ukucha. Dole lake la kulia lilikuwa likibonyeza kingo za meza.

"Kwa hiyo niliupokea mkono uliokwisha kupokewa."

"Ndiyo."

"Mara tatu."

"Hukuambiwa."

"Hapa mmeandika sikutenda kosa." Aliisukuma karatasi kurudi kwa Inspekta. "Ongeza kitu, Afande. Mara ya pili ulipokataa, nilipaswa kuondoa dole. Mancang anapiga kelele, na mimi nikasema moyoni, hakuna mkono unaonishinda mimi. Kama ningeuacha, ungetulia wenyewe, sivyo?"

Inspekta hakutafuta neno la kumfariji. "Si papo hapo. Lakini ungetulia."

"Basi liandikwe. Akiamka atauliza, na mimi sitaki kumwambia jambo lisilo kwenye karatasi."

Deng, aliyekuwa mlangoni, aliacha kutafuna. "Mzee, unaachiliwa. Unataka kujifunga tena?"

"Nataka iwe kweli, Sajini. Wewe kula popoo yako."

Inspekta alichukua kalamu. Aliandika sentensi hiyo kwa maneno ya mzee mwenyewe, bila kupunguza wala kupamba, akamsomea. Kisha akakitoa kikopo cha wino mfukoni mwa koti, akakifungua, akakisukuma hadi upande wa pili wa meza.

Ouyang Decheng alilichovya dole gumba lake katika wino mwekundu, akalibandika chini ya jina lake. Alilikandamiza hapo, akangoja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na dole halikubonyeza mara ya pili.